Kipa akishaudaka mpira, aupige vipi?

Mabishano kuhusu mipira ya makipa huishia karibu kila mara kwenye swali moja: acheze pasi fupi au abutue? Swali hilo linachanganya mpira ulio chini na ulio mikononi, na sheria haziichukulii sawa mipira hiyo miwili.

Kwenye goli kiki, ambayo hupigwa mpira ukiwa chini, hakuna kuotea. Mshambuliaji anaweza kusimama nyuma ya beki wa mwisho, akaupokea mpira moja kwa moja kutoka kwa kipa wake, na mwamuzi hana la kusema. Kwa hiyo timu inayopiga goli kiki ndefu ina hoja, hata baada ya mabadiliko ya 2019 yaliyoruhusu mabeki kuupokea mpira ndani ya boksi lao. Kipa akipiga kutoka mkononi, ruhusa hiyo haipo: mshambuliaji hawezi kumsubiri nyuma ya beki wa mwisho.

Ndiyo maana nina shaka na ule mpira wa juu uliozoeleka, unaopigwa mwili ukiegemea nyuma. Unakaa hewani mno. Beki anautazama tangu unaondoka, anauendea kwa mbio na kuruka na kasi yake yote, wakati mshambuliaji aliyeligeuzia goli mgongo anaruka akiwa amesimama. Mara nyingi timu inapoteza pale pale mpira ambao kipa ameuhangaikia.

Wanaoutetea wana hoja nzito: muda ule hewani unawapa mabeki waliobanwa nafasi ya kupanda, na mpira ukipotea, unapotea mbali na goli. Dakika za mwisho, timu ikilinda bao moja, sibishani nao hata kidogo.

Kwa muda mwingine wote nachagua voli ya ubavuni. Kipa anainamisha mwili upande, anauachia mpira pembeni, na mguu unapita karibu sambamba na ardhi. Mpira unaenda chini chini kwa kasi, winga anaupokea kabla beki hajajipanga. Ni pigo gumu, hilo kweli: ukikosea kidogo unamkabidhi mpinzani mpira wakati mabeki wako wamefunguka. Kwangu hiyo ni sababu ya kulifundisha mapema. Kuupiga mpira mara tu unapodunda ni rahisi zaidi na pia huupeleka chini chini, ila uwanja wenye mabonde huuharibu mdundo.

Januari 2020, Liverpool ikiongoza 1-0 dhidi ya Manchester United katika muda wa nyongeza, wapinzani walikuwa wamepanda kwa ajili ya kona. Alisson, kipa wa Liverpool, alimpigia mshambuliaji Mohamed Salah papo hapo, naye akafunga. Angengoja dakika nzima wenzake wajipange, nafasi ile isingekuwepo.

Na kungoja kwenyewe kumepunguzwa. Tangu msimu wa 2025/26, kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Mpira wa juu unahitaji watu wapande kwanza. Voli ya ubavuni inahitaji winga mmoja aliyeanza kukimbia.