Nyundo Alivyotoroka Lugalo

Shemeji yetu wa Dar alipoambiwa Jumamosi tunampeleka Lugalo, aliuliza nani kalazwa. Kwake Lugalo ni hospitali ya jeshi, basi. Baba mdogo akaumia kama katukanwa ukoo mzima.

Tukaanzia Kalenga, kwenye fuvu la Mkwawa, mtemi wetu Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954. Shemeji akalitazama kwa adabu zote. Tatizo likaja tulipotoka nje kuona ngome, ile ambayo Wajerumani waliipiga kwa mizinga Oktoba 1894. "Sasa ukuta wenyewe uko wapi?" akauliza, huku kasimama pale pale. Baba mdogo hakumjibu. Akasimamisha gari la kurudi Iringa, tuvuke mji twende Lugalo, tulikowashinda Wajerumani.

Mnara wa Lugalo uko karibu na barabara kuu ya kwenda Morogoro. Waliujenga Wajerumani kukumbuka wafu wao. Yaani kushinda tushinde sisi, jiwe liwe la kwao! Baba mdogo, ambaye njiani alishapitia ulanzi, pombe ya mianzi, akaanza: tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, Wahehe wakimwita Nyundo, anakuja na askari wake kumpiga Mkwawa. Wahehe wamelala vichakani, kimya. Nyundo yuko juu ya punda...

Shemeji anachezea simu.

Hapo hapo akapita kijana na punda wake, mgongoni madumu matupu ya maji. Baba mdogo akamnong'oneza, akamshikisha noti, kisha akanigeukia. "Panda. Wewe ndiye Nyundo."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye mweupe."

Mweupe gani, jamani! Lakini baba mdogo habishiwi, na shemeji sasa kaamka, kamera iko juu. Nikapanda katikati ya madumu. Mzee akajificha kichakani na fimbo yake, akangoja nimkaribie, akachomoka kwa ukelele ambao nadhani hata Kalenga uliwafikia.

Punda hakuwa amesimuliwa historia. Akageuka, akashika lami.

Lori la kwenda Tunduma likapiga honi hadi meno yakanigongana. Abiria wa basi wakatoa vichwa madirishani wakishangilia, sijui walikuwa upande gani. Madumu yanadondoka moja moja, mwenye punda anayaokota huku analia, na nyuma yake namsikia baba mdogo: "Rudi! Rudi ufe kwanza!"

Punda akaacha lami mwenyewe, akakata njia ya miguu, akaingia kwenye ua wa nyumba moja na kusimama mbele ya bibi aliyekuwa anapepeta mahindi.

"Kamwene, bibi," nikasema kutoka juu.

"Kamwene. Maji yako wapi?"

Nikawa bado natafuta jibu, baba mdogo akafika akihema, jasho tupu. Hakusalimia mtu. Akanidunga fimbo ya ubavu: "Haya. Umekufa." Ndipo akaomba maji ya kunywa, katika nyumba ambayo maji yake ndiyo tumeyazuia njiani.

Madumu mawili yalipasuka, nikalipa mimi, marehemu.

Jioni shemeji akarusha video kwenye kundi la familia. Inakatika pale punda anapopotelea kwenye kona. Chini yake kaandika: "Kumbe yule Mjerumani aliwatoroka."

Baba mdogo kajitoa kwenye kundi.