Batman: Msiba Usiokwisha na Huruma Yenye Mipaka

Wapenzi wa Batman, shujaa wa vitabu vya katuni mwenye vazi la popo, wakikutana hawachelewi kugawanyika. Kuna watakaokwambia kuwa huyu ni mtoto aliyegoma kukua, anayepiga watu usiku kwa sababu hakuwahi kulia mchana. Wengine watakujia juu: mtu ameonja uchungu wa kuona wazazi wake wakiuawa, akaamua mwingine asiuonje, halafu unamwita mgonjwa? Kila upande una ushahidi wa kumnyamazisha mwenzake. Ninavyoona mimi, wote wanateleza mahali pamoja, pale wanapoyachukulia majonzi na huruma kama mahasimu wawili wanaoigombania nafsi moja. Huruma ya Batman imezaliwa na msiba wenyewe. Ndiyo maana mahali fulani ina nguvu za ajabu, na mahali pengine haionekani kabisa.

Wengi husahau kwamba Batman alitangulia, msiba ukafuata. Alipotokea mara ya kwanza mwaka 1939, kazi ya Bob Kane na Bill Finger, hakuwa na wazazi waliouawa wala kiapo chochote. Alikuwa tajiri aliyechoka kukaa bure. Katika hadithi ile ya kwanza anamtandika mhalifu ngumi, mtu anatumbukia kwenye tindikali, na Batman anaona kuwa huo ndio mwisho unaowastahili watu wa aina yake. Basi. Hakuna anayeshtuka. Novemba mwaka huohuo zikaongezwa kurasa mbili: Thomas na Martha Wayne wanatembea usiku na mwanao Bruce, Batman wa baadaye, jambazi anautaka mkufu wa mama, risasi zinalia, mtoto anabaki peke yake. Kisha tunamwona kapiga magoti kando ya kitanda, mshumaa unawaka, anaapa kwa roho za wazazi wake kwamba maisha yake yote yatakuwa vita dhidi ya wahalifu.

Kwa maneno mengine, msiba uliletwa ili umpe utu mtu ambaye bila huo alikuwa muuaji tu mwenye vazi la popo. Haukumbadilisha papo hapo. Mwaka 1940 bado tunamkuta akimimina risasi kutoka kwenye ndege yake, na ni uamuzi wa mhariri uliomwondolea silaha na mauaji. Lakini baada ya kurasa zile mbili waandishi walibanwa na swali ambalo hadithi ya kwanza haikulijali: mtoto aliyeshuhudia mauaji atakuaje hadi ayaone mauaji kuwa jambo jepesi?

Sasa, wanaosema Batman anaendeshwa na majonzi wana hoja nzito kuliko mashabiki wengi wanavyopenda kukubali. Kiapo kile kilitamkwa na mtoto, mtu mzima akaendelea kukitii kana kwamba ni wosia wa marehemu. Marehemu hawakuacha wosia. Pengine hakuna mahali panapoonyesha hilo vizuri kuliko filamu ya katuni ya mwaka 1993, Mask of the Phantasm. Bruce kijana amempata mwanamke anayempenda. Mvua inanyesha, yuko makaburini mbele ya jiwe la wazazi wake, na anawaomba ruhusa. Anawaeleza kwamba uchungu haumchomi tena kama zamani. Anasema anaweza kuwapa polisi fedha, akasaidia jiji kwa njia nyingine. Anajitetea kama mdaiwa anayeomba deni lipunguzwe, na kosa lake kubwa, kwa maneno yake mwenyewe, ni kwamba hakutarajia kuwa na furaha.

Ukilitazama tukio hilo kwa makini, utaona kuwa jambazi hatajwi. Gotham, jiji lake, haina nafasi kubwa pale. Kinachomtisha Bruce ni kupona. Anahisi siku uchungu utakapomwisha atakuwa amewafukia wazazi wake mara ya pili. Aliyewahi kufiwa akajikuta anacheka kabla watu hawajatawanyika msibani anaijua hatia hiyo, ila kwa wengi hupita. Bruce ameijengea pango.

Mwaka 2022 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza majonzi yasiyokoma katika mwongozo wao wa magonjwa, kwa kigezo cha miezi kumi na miwili kwa mtu mzima na sita kwa mtoto. Kwa kipimo hicho Batman ni mgonjwa bila ubishi. Hata hivyo sioni kama utambuzi huo unatufikisha mbali. Punisher, mhusika mwingine wa vitabu vya katuni aliyeanza kuonekana mwaka 1974, naye alipoteza familia yake kwa risasi za wahalifu. Yeye anaua, analala, anaamka, anaua tena. Majonzi ni yaleyale, watu wawili tofauti kabisa. Lazima kuna kitu kingine.

Hapo upande wa pili unaingia, na ushahidi wake ninaoupenda zaidi umo katika kipindi kimoja cha mwaka 2005 cha katuni za televisheni za Justice League Unlimited. Ace ni msichana mdogo ambaye serikali ilimchukua akiwa mtoto ikaigeuza akili yake kuwa silaha. Sasa mshipa wa ubongo wake unakaribia kupasuka, na inahofiwa kuwa atakapokufa nguvu zake zitawaua wengi walio karibu. Batman anapewa kifaa cha kumuua kabla, anaingia peke yake. Anamkuta kwenye pembea. Ace anaweza kusoma mawazo, hivyo anajua tangu mwanzo kwamba kifaa hakitatumika. Analalamika kidogo kuhusu utoto alioibiwa, kisha anasema anaogopa, anamwomba akae naye.

Batman anakaa. Jitu lile lenye kinyago na masikio ya popo linajikunja kwenye pembea ya mtoto, linamshika mkono, na linasubiri. Hamdanganyi kwamba atapona. Hampi hotuba. Baadaye anatoka amembeba.

Wanaomwita mkatili hawana jibu la haraka kwa tukio hilo. Lakini jiulize kwa nini anaweza kufanya hivyo vizuri kiasi kile, mtu ambaye hawezi kumaliza mlo bila kununa. Jibu liko katika hadithi ya mwaka 1976, iliyotuletea Leslie Thompkins, mwanamke aliyemliwaza Bruce usiku ule wa mauaji. Kumbe kichochoro kile walimouawa wazazi wake kilimpa vitu viwili kwa mpigo, mwenye bastola na mwenye kumbatio. Anapoketi na Ace anarudia alichofanyiwa. Huruma yake ina ramani, na ramani hiyo imechorwa usiku mmoja tu: mtoto, kifo, na mtu mzima anayebaki.

Leslie mwenyewe, kwa maoni yangu, ndiye hoja kali zaidi dhidi ya Batman. Aliguswa na usiku uleule akachagua kubaki mtaani bila kinyago, na katika hadithi za baadaye ni daktari mwenye zahanati ya maskini asiyekubaliana na ngumi za Bruce. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba baada ya msiba ule hapakuwa na njia nyingine.

Kuna pia wanaouliza kwa nini tajiri huyu asizitumie fedha zake kupambana na umaskini. Anazitumia, mfuko wa hisani wa Wayne umo kwenye hadithi hizi kwa miongo mingi. Swali ni halali, ila linahusu jinsi Gotham ilivyoandikwa kuliko tabia ya mtu huyu, kwa hiyo nalipita.

Tatizo lenyewe linaonekana nyumbani. Mwaka 1940 Bruce anamchukua Dick Grayson, ambaye wazazi wake wanasarakasi wameuawa na majambazi. Hapa huruma haina shaka: yatima kamtambua yatima, kampa makazi. Kisha anamwapisha kwenye mwanga wa mshumaa, anamvisha nguo za rangi kali, anamwita Robin na kumpeleka mbele ya bastola. Mashabiki hubishana kama hilo ni pendo au unyonyaji, nami sioni kwa nini lisiwe vyote viwili. Dawa pekee anayoijua ni ile aliyojitibu nayo, na yeye mwenyewe haijamponya.

Robin aliyefuata, Jason Todd, alikufa mwaka 1988 kwa kura za simu za wasomaji: 5,343 walitaka afe, 5,271 walitaka aishi. Batman wa baada ya hapo alikuwa mkali kupita kiasi, hadi kijana wa tatu, Tim Drake, alipojitokeza na hoja kwamba Batman anahitaji Robin ili asipotee. Tafakari hilo: mtoto ndiye anayekuja kumlea mzee.

Kisha Jason anafufuka, kama wanavyofufuka wahusika wa vitabu hivi, na kumwekea Bruce swali ambalo hakuna shabiki anayelikwepa. Jason amemshika Joker, mhalifu aliyemuua. Hamuulizi kwa nini hakuwaokoa wengine wote. Anauliza kwa nini, baada ya kuniua mimi, mwanao, huyu bado anapumua. Bruce anajibu kwamba kumuua kungekuwa rahisi mno, kwamba kila siku anatamani, na kwamba akilivuka hilo hatarudi tena.

Watetezi wa huruma hulichukua jibu hilo kama kilele cha maadili, na ninakubali kwamba kukataa kuua ni jambo kubwa kwa mtu mwenye hasira ile. Wapinzani nao wanakumbusha kwamba huruma kwa Joker hulipwa na watu wengine, tena kwa damu, na hawakosei. Kinachonisumbua mimi ni tofauti. Jason aliuliza kuhusu Jason. Bruce alijibu kuhusu Bruce: hofu yake, shimo lake, kiapo chake. Hakuna "nilikulilia", neno ambalo baba yeyote angeanza nalo. Na hapa hapakuwa na mtoto anayekufa wa kushikwa mkono. Palikuwa na kijana aliyepitia kifo akarudi na hasira. Ramani ya kile kichochoro haina mtu wa namna hiyo.

Filamu ya mwaka 2022 ilijaribu kumsogeza mbele. Anaanza kwa kujiita kisasi, mhalifu mmoja anamrudishia neno hilohilo kwa fahari, naye anashtuka, kisha anawasha fataki ya mwanga na kuwaongoza watu waliokwama kwenye mafuriko. Ni zuri, ila waliookolewa ni wageni, waliomo katika saa yao mbaya kuliko zote. Hapo Batman hajawahi kushindwa. Kwa watu wa nyumbani, Alfred, mtumishi aliyemlea, akiwa amelazwa hospitali anabidi aanze kwa kujieleza kabla hajapewa mkono.

Mwaka 2017 waandishi walimkutanisha na Thomas Wayne wa ulimwengu mwingine, na baba akamsihi aache kuwa Batman, awe kwa mwanawe Damian baba ambaye yeye hakupata nafasi ya kuwa. Ule wosia uliokosekana tangu 1939 ukawa umepatikana, tena unasema kinyume kabisa cha kiapo. Vitabu vikaendelea kutoka kama kawaida. Wachambuzi wa nafsi wanaweza kutafuta sababu ndani ya Bruce wapendavyo, lakini kuna sababu iliyo wazi zaidi nje yake: siku Batman atakapoanua matanga, mchapishaji hatakuwa na toleo la mwezi ujao.