Leteni rasimu, slaidi zipumzike

Juzi kwenye kikao cha wanafunzi wa uzamivu, kile cha kazi zinazoendelea, mwenzetu wa historia alimaliza dakika zake 15, na swali la kwanza likatoka kwa profesa aliyeingia akiwa amechelewa: "Matokeo yako ni yapi?" Matokeo! Mtu ndiyo kwanza anahangaika na sura ya pili, na muulizaji hajasoma hata ikisiri.

Lakini profesa nimwache. Ubovu uko kwenye mtindo wenyewe. Tumeuazima kwa watu wa maabara: slaidi, jedwali, hitimisho, makofi. Data zao zinaingia kwenye grafu, hongera zao. Kazi ya mwanahistoria au mwanaanthropolojia inaishi ndani ya aya: alivyopatanisha barua mbili zinazokanushana, maneno gani ya mhojiwa ameyaacha kama yalivyotamkwa, wapi ameamua kunyamaza. Ukishaibana kwenye vidokezo vitano inabaki mifupa, kisha tunamsuta mwenyewe kwamba kazi haina nyama.

Na semina haikuanza hivi. Mwanahistoria Mjerumani Leopold von Ranke alipowakusanya wanafunzi wake Berlin katika karne ya 19, hati zilikuwa mbele yao na wote wakizichambua. Miaka ya 1930 Jomo Kenyatta alikaa kwenye semina ya mwanaanthropolojia Malinowski pale London School of Economics, na makala alizowasomea wenzake ndizo zilizozaa kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya.

Basi rasimu isambazwe wiki moja kabla, na asiyeisoma asiulize. Asiulize kabisa, hata kama cheo chake kinatuzidi sote. Mwenye kazi apewe dakika 5 za kusema alipokwama: nadharia haishikani na mahojiano, nyaraka za miaka fulani hazipo, wasimamizi wawili wanavutana. Muda uliobaki tumsaidie kujikwamua.

Anaogopa kuibiwa wazo? Aandike juu kabisa kwamba rasimu isinukuliwe.

Yale mashindano ya kueleza utafiti wako kwa dakika 3 na slaidi 1, yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Queensland mwaka 2008, yana faida, nakubali kwa shingo upande: yanamzoeza mtu kuongea na wasio wa fani yake. Ila pale anajinadi, hapa anatafuta msaada.

Halafu kuna wale wa "sina swali, nina maoni tu," wanaotumia dakika kumi kusimulia tasnifu zao za zamani. Mwenyekiti wa kikao, kama huwezi kuwakatiza, hapo mbele umekalia nini?