Majaji wa Ireland wamekwishaingia hazina

Fundi akikuambia "nitajitahidi Ijumaa", unajua Ijumaa hakuna kitanda. Tarehe 8 Machi 2024 wapiga kura wa Ireland waliletewa neno hilohilo waliamue. Serikali ilitaka kufuta ibara ya 41.2 ya Katiba ya 1937, ile inayosifu maisha ya mwanamke ndani ya nyumba yake, na badala yake iingie ibara mpya kuhusu wanafamilia wanaotunzana. Dola, ilisema ibara hiyo, "itajitahidi" kuunga mkono utunzaji huo. Karibu asilimia 74 walikataa.

Walio mbali walisoma matokeo hayo kirahisi: nchi iliyokubali ndoa za jinsia moja mwaka 2015 na kuondoa marufuku ya utoaji mimba mwaka 2018 imechoka, inarudi kanisani. Wapo waliopiga kura kwa sababu hiyo, sikatai. Lakini miongoni mwa sauti kali za "hapana" ilikuwapo ya Seneta Tom Clonan, baba wa kijana mwenye ulemavu, na ya FLAC, taasisi ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Hao hawakuwa wakilinda jiko la mama. Walikuwa wakiuliza: dola ikishindwa kujitahidi, nitaishtaki wapi?

Na walikuwa na sababu. Ibara ileile iliyokuwa ifutwe nayo ilikuwa na neno la aina hiyo: dola itajitahidi kuhakikisha akina mama hawasukumwi na dhiki kwenda kutafuta kazi na kuacha majukumu ya nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kesi ya mke aliyedai sehemu ya nyumba ya familia kwa nguvu ya ibara hiyo ilifika Mahakama ya Juu, na mahakama ikakataa. Sifa zimo kwenye Katiba, hati ya nyumba ina jina la mume.

Hapa ndipo mjadala wa wanasheria wa Ireland juu ya haki za kijamii, kama makazi na afya, unapoanzia: je, zidaiwe mahakamani? Kwa maoni yangu upande wa wanaosema ndiyo umekuwa ukieleweka vibaya kwa muda mrefu. Ibara ya 45 ya Katiba hiyo ina maneno mazuri kuhusu riziki, ardhi na wanyonge, kisha inasema kwamba misingi hiyo ni mwongozo kwa Bunge na si ya kuamuliwa na mahakama. India iliazima mtindo huo. Msomaji wa Tanzania ataufahamu bila maelezo: afungue ibara ya 7(2) ya Katiba yetu, inayosema Malengo Muhimu na Misingi ya Mwelekeo havitiliwi nguvu na mahakama yoyote. Kenya mwaka 2010 ilipita njia nyingine. Ibara yake ya 43 inataja makazi, afya na chakula kuwa haki za kudaiwa.

Hoja ya wanaopinga haki hizi kuingia mahakamani ina mwenyewe, na si mtu wa kudharauliwa. Declan Costello, akiwa mwanasiasa kijana miaka ya 1960, ndiye aliyekisukuma chama chake cha Fine Gael kukubali mpango wa "jamii yenye haki". Miaka ikapita, akawa jaji wa Mahakama Kuu, na mbele yake zikaja familia za Travellers wa Limerick, jamii ya Ireland yenye asili ya kuhamahama, zikiishi katika nyumba za magurudumu, bila maji safi, bila choo, bila mahali pa kutupa taka. Katika uamuzi wake wa O'Reilly, uliochapishwa mwaka 1989, Costello alitenganisha haki za namna mbili. Mtu akinidhulumu, jaji ataamua. Lakini nani apate kiasi gani katika mali ya umma ni kazi ya wale tunaowachagua na tunaoweza kuwaondoa. Jaji haoni foleni nzima. Anamwona aliyesimama mbele yake tu.

Ni hoja nzito. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliitumia mara mbili. Kwanza katika kesi ya Sinnott, iliposema haki ya elimu ya msingi ya bure, ambayo Katiba inaitaja wazi, inakoma mtu anapofikisha miaka 18, hata kama ni kijana mwenye usonji aliyenyimwa elimu hiyo utotoni. Pili katika kesi ya TD. Jaji Peter Kelly wa Mahakama Kuu alikuwa amechoshwa na ahadi za serikali kuhusu vituo vya watoto walio hatarini, akaiamuru ivijenge kwa ratiba. Ratiba yenyewe hakuitunga yeye. Ilikuwa mipango ya wizara. Majaji wanne dhidi ya mmoja, Susan Denham, waliifuta amri hiyo: jaji asiendeshe serikali.

Tangu hapo, ukitaja haki ya makazi Dublin utajibiwa kwa sentensi moja: unataka majaji wapange bajeti.

Basi turudi mwaka 1981, kwenye kesi ya Blake, kwa sababu mimi kila nikisikia sentensi hiyo naikumbuka. Kulikuwa na sheria za zamani za kudhibiti kodi za pango. Wapangaji wengi, wazee wengi miongoni mwao, walilipa kodi zilizoganda kwa miongo, na wenye nyumba hawakuweza kuwatoa. Wenye nyumba walikwenda mahakamani kwa nguvu ya haki ya mali, ambayo Katiba inailinda katika ibara ya 40.3 na ya 43. Walishinda. Na kusema kweli walistahili kusikilizwa: mzigo wa kuwahifadhi wapangaji hao ulikuwa umetupwa juu ya kundi dogo, bila fidia na bila kuangalia nani ana uwezo na nani hana.

Bunge likaandaa muswada wa kupunguza makali: kodi zipande hadi bei ya soko, lakini kwa hatua, ndani ya miaka mitano. Rais akaupeleka Mahakama ya Juu ukaguliwe. Mapema mwaka 1982 mahakama ikaukataa: hata miaka mitano ya punguzo ni uvamizi wa mali. Likaja toleo jingine, na pamoja nalo serikali ikaanzisha posho ya kodi kwa wapangaji walioshindwa kumudu bei mpya. Posho hiyo ikatoka wapi? Hazina.

Nirudie pole pole. Wawakilishi waliochaguliwa walikaa, wakapima, wakagawa mzigo kati ya mpangaji na mwenye nyumba kwa miaka mitano. Majaji wakasema mgawo huo haufai, na umma ukaanza kulipa tofauti. Kama hiyo si bajeti kupitia mahakama, sijui tuiite nini. Na wanaowatetea majaji husema hawakuvuka mpaka, maana haki ya mali imo kwenye Katiba na waliisoma tu. Ndivyo hasa wanavyosema wanaotaka haki ya makazi: iwekeni humo, isomwe.

Jambo lilelile lilijitokeza mwaka 2005, safari hii kwa sura ya huruma. Kwa miaka mingi wazee waliokuwa katika nyumba za kulelea walitozwa ada bila msingi wa kisheria. Serikali ilipogundua deni lilivyo kubwa, ikatunga muswada wa kuhalalisha makato hayo kwa kurudi nyuma. Mahakama ya Juu iliuzuia. Kwa haki ipi? Ya kutunzwa uzeeni? La. Ya mali: haki ya kudai fedha yako iliyochukuliwa isivyo halali ni mali, na mali ya mnyonge nayo ni mali. Wazee walirudishiwa pesa kwa sababu walikuwa wadai. Wangekuwa wazee tu, wangeambiwa waende bungeni.

Upande wa pili utasema naikuza Blake, na kuna ukweli. Mwaka 2000 mahakama hiyohiyo iliikubali kuwa halali sheria inayowataka waendelezaji waachie hadi asilimia 20 ya ardhi kwa nyumba za bei nafuu, kwa thamani ya matumizi yake ya wakati ule. Ibara ya 43 inaruhusu mali iwekewe mipaka kwa manufaa ya wote. Kwa hiyo ukuta si mrefu kama wanasiasa wanavyodai wanapotafuta sababu ya kutofanya kitu. Ripoti ya Jaji John Kenny ya mwaka 1973, iliyopendekeza halmashauri zinunue ardhi kwa thamani ya matumizi yake ya wakati huo pamoja na asilimia 25, imekaa rafuni miaka yote hii na hofu ya Katiba ikiwa kisingizio kimojawapo. Tena haki iliyoandikwa haimwagi zege. Irene Grootboom alishinda kesi maarufu ya makazi Afrika Kusini mwaka 2000, akafariki mwaka 2008 akiwa bado katika kibanda.

Yote hayo nayakubali. Ila hayajibu swali la mizani. Maslahi mawili yanapogongana, la mwenye nyumba lina ibara mbili na wakili, la mpangaji lina sera. Na ombi lenyewe ni la kiasi kuliko linavyopakwa rangi. Mkutano wa Katiba wa mwaka 2014, uliochanganya raia wa kawaida na wabunge, uliunga mkono kwa asilimia 85 kuimarisha haki za kiuchumi na kijamii, na asilimia 59 walichagua njia ya kuzitimiza hatua kwa hatua, kwa kadiri ya rasilimali zilizopo, mahakama zikiruhusiwa kuangalia. Hakuna anayeomba jaji ampe mtu funguo kesho asubuhi. Costello mwenyewe, miaka michache baada ya O'Reilly, alilegeza msimamo katika kesi nyingine ya Travellers, huko Wicklow.

Mei 2024, miezi miwili baada ya kura ile, Tume ya Makazi ilitoa ripoti yake. Ilikadiria kwamba kufikia mwaka 2022 nchi ilipungukiwa na nyumba kati ya 212,500 na 256,000, na ilipendekeza wananchi waulizwe juu ya haki ya makazi katika Katiba. Mapema mwaka 2025 waliokuwa katika malazi ya dharura walipita 15,000, zaidi ya 4,500 kati yao watoto. Siku swali hilo likiletwa, nitaruka moja kwa moja hadi kwenye kitenzi.