Nati Sita na Upawa Mmoja

Kabla sijanunua lile tela mi nilikuwa mtu na akili zangu, hilo naomba lieleweke mapema. Nililikuta kwenye mnada wa vitu chakavu vya jeshi, M105 ya Kimarekani, yale ya tani moja na nusu ambayo huvutwa na lori la M35, tairi mbili kubwa za 9.00-20, bodi chuma, mbele ina pete ya kuvutia nene kama kifundo cha mguu, na rangi ya kijani imepakwa juu ya kijani iliyopakwa juu ya kijani nyingine. Nikajiambia hili halina injini, halina gia boksi, sasa kitaharibika nini hapo?

Jeshi, nimekuja kugundua, lina tabia moja ya ajabu. Kila kitu linakiandika, huku namba, huku herufi, huku kibao cha maelezo, alafu anatumwa mtu na brashi anapaka rangi juu ya vyote. Tela langu walipaka mpaka nipo za grisi, vile vichuchu vya kupitishia grisi. Taa nazo ni za volti 24 na plagi yake ina pini 12, mi nikaunga kwenye gari langu la volti 12 zikawaka kama ncha ya sigara, nikashinda siku nzima nafukua waya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Ila hayo ya taa tuyaache, maana aibu yenyewe iko kwenye tairi.

Jumamosi nikaanza na tairi la kushoto, nati sita. Nikaweka wili spana, nikasukuma, kimya. Nikamimina mafuta ya kutu, nikangoja, nikasukuma tena, kimya vilevile. Basi nikatafuta bomba la mita moja na nusu nikalivika kwenye mpini wa spana na nikamwita shemeji, ambaye ukimpima anakaribia kilo mia na hapendi kuulizwa. Tukaning'inia wote wawili kwenye lile bomba kama nguo zilizoanikwa, nati ikalia kwiiii, ikasogea kidogo.

"Inakuja hiyo!" shemeji akapiga kelele, "ongeza, ongeza!"

Tukaongeza. PAA! Mi chali, shemeji juu yangu, spana imerukia huko. Tulipoiokota, nati ilikuwa humo ndani ya spana, na ndani ya nati kipande cha stadi, ile bolti inayoshika tairi, kimekatika safi, kinang'aa kama jino jipya. Sasa mtu mwenye busara hapo angesimama akajiuliza maswali. Shemeji alichosema ni, "Moja tayari, zimebaki tano." Na mi nikaona ana hoja. Ya pili nayo PAA.

Muda wote huo mzee jirani, dereva wa malori mstaafu, kaegemea ukuta wake na kikombe cha chai, anatuangalia tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Samahani wanangu, hilo tairi mnalifungua au mnalikaza?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Mzee akaja taratibu, akatoa ufunguo mfukoni, akakwangua rangi kwenye kichwa cha stadi ya tatu, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, mpaka ikatokea herufi moja, L.

"Kwani L si saizi?" shemeji akauliza.

Mzee hakumjibu. Akatueleza kwamba magari ya namna hii upande wa kushoto yamewekewa thredi (mikato ya bolti) ya kushoto, yani ukitaka kufungua unazungusha kulia, kwa sababu waliotengeneza waliona tairi la upande huo likizunguka kwenda mbele linaweza kuzilegeza nati za kawaida zikadondoka barabarani. Akashika spana, akaizungusha kule tulikokuwa hatukutaki, nati ya tatu ikatoka. Bila bomba! "Upande wa KUSHOTO," akarudia, huku ananitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Shemeji akasema yeye alishahisi tangu mwanzo.

Basi stadi mbili zimekatika, kuzitoa lazima uvue dramu ya breki na habu, kile kitovu cha tairi, na ukivua habu unakutana na oili sili, pete ya kuzuia grisi isivuje, ambayo kwangu ilikuwa imekakamaa, kuigusa tu ikapasuka. Stadi hazikunisumbua, wauza spea za M35 wanazo. Sili ndo ikanipa shughuli.

Spea za jeshi hazitafutwi kwa jina, zinatafutwa kwa namba ya NATO, ule umoja wa kijeshi wa Marekani na wenzake, yenye tarakimu 13. Nne za mwanzo ni aina ya kitu, mfano 2330 ni matela yenyewe, 5330 ni sili na gasketi. Mbili zinazofuata ni nchi, 00 na 01 ni Marekani, 99 Uingereza, afu saba za mwisho ni za hicho kitu chenyewe. Utaratibu mzuri kweli, hata usipojua kifaa kinaitwaje unataja namba unaletewa, mradi namba uisome sawasawa. Mi nilikuwa na fotokopi ya kitabu cha vipuri na kidole gumba chenye grisi, na gumba likatua juu ya namba, tarakimu moja ikawa haijulikani ni 3 au 8. Nikasema hii ni 8, tena kwa kujiamini, nikamtumia muuzaji zile tisa za mwisho.

Akanijibu kathibitisha oda, na namba kaiandika nzima. Nikaona inaanza na 7330. Nikajisemea huyu naye kateleza kidole, badala ya 53 kaweka 73, basi binadamu si malaika, nikamsamehe kimoyomoyo nikalipa.

Mzigo ulipofika ulikuwa mrefu kama mkono wangu. Sili ya habu ni duara, inakaa kama kisosi, lakini mi nikawasifu kwa kufunga mzigo vizuri. Nikachana maboksi, karatasi, mfuko, mpaka nikamshika mwenyewe mkononi: upawa. Upawa wa chuma cha pua, mpini mrefu, imara, wa kuchotea kwenye sufuria la kulisha kikosi kizima. Kumbe 7330 ni vyombo vya jikoni. Nikamwandikia muuzaji ujumbe mrefu wa hasira, akajibu mstari mmoja: "Namba uliyotuma ni ya upawa."

Sili nikaipata baadaye, nikafunga habu, tairi la kushoto likarudi, nikajisikia fundi. Tukahamia la kulia. Safari hii hatukutaka kubahatisha, nikamkumbusha shemeji kwa sauti kabisa kwamba haya matela unafungua kwa kuzungusha kulia. Tukavika bomba. Tukaning'inia.

PAA!

Mzee kule ukutani hakusema kitu, akanywa chai yake.

Sili ya upande wa pili nimeagiza jana. Mikono yangu ilikuwa na grisi, kwa hiyo namba kasoma shemeji.