Kipimo safi, mtoto bado anaanguka

Mzazi wa Micheweni au Kengeja, Pemba, mwenye mtoto anayeanguka kwa kifafa, mpaka afike kwenye mashine ya EEG, yaani ya kupima umeme wa ubongo, ameshamaliza nauli na subira. Mtoto anavalishwa waya kichwani, kipimo kinafanywa, na jibu ni kwamba hakuna kilichoonekana. Wazazi wengi hulipokea jibu hilo kwa maana moja: mtoto hana maradhi ya hospitali. Na akiwa hana maradhi ya hospitali, kila mtu mtaani anajua pa kumpeleka. Ataandikiwa kombe, atavishwa hirizi, atapungwa. Miezi inapita, mtoto anaendelea kuanguka, na dawa hana.

Nimelitanguliza jibu hilo kwa kuwa ndilo linalonifanya nisikubaliane na kauli inayosikika kila utafiti wa mitandao ya ubongo, yaani wa jinsi sehemu zake zinavyofungamana, unapotajwa hapa Zanzibar: kwamba hiyo ni anasa ya Ulaya, sisi tupeni kwanza fenobabito, dawa ya kifafa. Wanaoisema wana uzito wao. Wengi ni wahudumu wa afya wanaowaona watoto hawa kwa macho yao, na hoja zao nitazieleza. Lakini naona utafiti wenyewe wameuelewa nusu.

Tangu Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alipochapisha mwaka 1929 mawimbi ya umeme aliyoyapima kichwani mwa binadamu, sehemu kubwa ya kazi ya kusoma EEG ya mgonjwa wa kifafa imekuwa kutafuta ncha, yaani wimbi kali linalochomoza ghafla wakati mengine yametulia. Ncha ikionekana, daktari ana ushahidi mkononi. Isipoonekana, kipimo kinaitwa cha kawaida. Watafiti wa mitandao wanaichukua ileile sehemu tulivu, ambayo jicho huipita upesi, na kuiuliza kompyuta jambo jingine: mawimbi ya elektrodi hii, yaani waya huu wa kichwani, yanakwenda pamoja na ya elektrodi ipi, kwa nguvu gani, na lipi linatangulia? Ni kama kusikiliza taarabu bila kuhangaika na fidla iliyokosea, ukatega sikio ujue nani anamfuata nani. Fikra iliyo chini yake ni kwamba kifafa kimo katika namna sehemu za ubongo zilivyofungamana, na mfungamano huo upo hata saa ambazo mtoto anacheza na hana dalili yoyote. Fikra hii imeshatoka maabara. Wataalamu wa kifafa wa kimataifa walipopanga upya aina za kifafa mwaka 2010 walitumia lugha hiyohiyo: kuna mshtuko unaoanzia ndani ya mtandao wa upande mmoja wa ubongo, na kuna unaoikamata haraka mitandao ya pande zote mbili.

Sasa kuna hesabu moja ambayo nataka tuisimamie kidogo, kwa sababu nikiifikiria sipati raha. EEG ya kwanza hunasa dalili kwa takriban nusu tu ya watu wenye kifafa. Chukua watoto 100 ambao kifafa wanacho kweli, si wa kudhaniwa. Wote wapimwe mara moja. Karibu 50 watarudi nyumbani na kipimo safi. Hawajapona, wala hawana kifafa chepesi kuliko wenzao. Ni kwamba katika ile nusu saa ncha haikutokea, au ilitokea ndani kabisa mahali ambapo waya wa juu ya ngozi haufiki. Kipimo kikirudiwa, na mtoto akalala wakati anapimwa, wanaonaswa hufika karibu 80. Hata hapo, 20 wamebaki.

Anayekaa jirani na hospitali kubwa atasema basi warudie. Kwa Pemba, mashine ikiwa Unguja au Dar es Salaam, kurudia maana yake ni boti nyingine, malazi mengine, na siku nyingine za kuomba ruhusa kazini. Zaidi ya hayo, mtoto hutakiwa akeshe usiku wa kuamkia kipimo ili alale kwenye mashine. Mama anamkesha mwanawe tangu saa nane za usiku, anamwosha uso, anamsimulia hadithi. Wanapanda boti Mkoani, na bahari ikianza kubembeleza mtoto analala usingizi wa pono mpaka Malindi. Akifika hospitali yu macho kabisa, na faida yote ya kumkesha imekwisha. Kwa hiyo hata ile 80 ni namba ya watu wanaokaa karibu na mashine. Kwetu namba ya kufanyia kazi ni ile ya kwanza, nusu kwa nusu. Halafu kuna upande wa pili: watoto wachache wazima kabisa huonesha ncha kwenye EEG, na hawataanguka maisha yao yote. Karatasi hiyohiyo inaweza kumkana mgonjwa na kumsingizia mzima.

Hapo ndipo naposema utafiti huu unatuhusu sisi kuliko unavyomhusu mtu wa Utrecht. Nimeitaja Utrecht kwa sababu watafiti wa huko Uholanzi walichapisha mwaka 2013, katika jarida la PLoS ONE, kazi juu ya watoto waliofikishwa kliniki baada ya kuanguka mara ya kwanza. Walichukua EEG za watoto ambao baadaye ilithibitika wana kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na za wengine ambao hawakuwa nacho, wakapima mitandao tu. Programu yao iliwatenganisha kwa usahihi uliopita asilimia 90. Watoto walikuwa makumi machache, na kazi ndogo ya namna hiyo haitoshi kubadili matibabu ya mtu. Lakini imeonesha kwamba ndani ya kipimo tunachokiita safi kuna habari, na jicho la daktari peke yake haliioni.

Na daktari hatafuti ndiyo au hapana peke yake. Aina ya kifafa ndiyo inayochagua dawa. Kabamazepini, dawa nzuri kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja, inaweza kukizidisha kile cha mtoto kuduwaa. Mtoto huyu haanguki. Skuli anaitwa mvivu, chuo cha Kurani anachapwa kwa kukatisha aya katikati. Kipimo chake hakihitaji hata umeme: mkalishe, mshikishe kipande cha karatasi mbele ya mdomo, mwambie apulize bila kuacha kwa dakika 3. Karatasi inapepea, inapepea, kisha inasimama. Macho yameganda, kope zinachezacheza kidogo. Unamwita, haitiki. Baada ya sekunde chache anaendelea kupuliza pale alipoachia, wala hajui kama aliondoka. Aliyeona jambo hilo mara moja hamchapi tena mtoto wa aina hiyo.

Mfano huo, najua, ni silaha ya wanaonipinga. Watasema: umeona? Karatasi na macho ya mtu makini vimetosha, kompyuta ya nini? Na wana zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Katika nchi maskini watu watatu kati ya kila wanne hawapati matibabu wanayohitaji. Fenobabito ni rahisi kwa bei, lakini imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, na taratibu zake zinaweza kuichelewesha. Kwa mtoto ambaye dawa yake imekatika mwezi mzima, ramani ya mtandao wa ubongo wake haina msaada wowote.

Wanasema pia kwamba uchunguzi bora ni maelezo ya aliyeshuhudia. Mkono upi ulianza kutikisika, Bi mkubwa? Macho yaligeukia wapi? Alikojoa? Alipozinduka alikujua? Mama akijibu hayo manne, daktari ameshafika nusu ya safari. Na siku hizi mama ana simu. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2020 katika JAMA Neurology uligundua kuwa mabingwa walioangalia video za simu walipatia kwa karibu asilimia 89. Huko Denmark, watoto 223 waliopelekwa kwenye kituo cha rufaa cha kifafa walichunguzwa upya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kuwa 87 kati yao, yaani asilimia 39, hawakuwa na kifafa. Nchi yenye kila mashine, na bado.

Haya yote nayakubali. Nakataa hitimisho lao tu. Hakuna mtu mwenye busara anayetaka fedha za fenobabito zihamishiwe kwenye kompyuta. Na ile asilimia 39 ya Denmark naisoma vingine: inaonesha jinsi maelezo na jicho, hata vikiwa mikononi mwa waliosomea, vinavyohitaji shahidi wa tatu. Mpango wa dunia wa kifafa na maradhi mengine ya neva, wa 2022 hadi 2031, unataka asilimia 90 ya wenye kifafa wajue kwamba maradhi yao yanatibika, 80 wapate dawa wanazozimudu, na 70 ya wanaotibiwa waache kuanguka. Daraja la kwanza ni kujua, na EEG safi iliyosomwa vibaya inavunja daraja hilo kabla mgonjwa hajafika kwenye dirisha la dawa.

Hoja yao inayonigusa zaidi ni nyingine: kwamba programu iliyofunzwa kwa vichwa vya watoto wa Uholanzi haiwajui wa kwetu. Huko Hai, Kilimanjaro, utafiti wa watoto wenye kifafa ulionesha uhusiano na matatizo ya wakati wa kuzaliwa. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa labda ana kovu ubongoni, na mtandao wenye kovu huenda usifanane na ule waliousoma Utrecht. Ni kweli. Lakini Pemba tunajua dawa ya tatizo la namna hii, maana tumeshaifundisha dunia. Watoto wadogo walishauriwa wapewe madini ya chuma na foliki asidi, na ushauri ulionekana hauna kasoro mpaka ulipojaribiwa kisiwani kwetu kwa maelfu ya watoto. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2006: palipo na malaria, nyongeza ile iliwaongezea watoto hatari ya kulazwa na kufa. Ushauri wa kimataifa ukabadilishwa. Kazi ile haikuzaliwa kwa kuukataa utafiti kuwa ni wa wageni. Ilizaliwa kwa sababu watoto wa Pemba walihesabiwa ndani yake. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, ni ushahidi kwamba kazi ya sayansi inaweza kukaa Chake Chake.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe ningeizuia programu hii. Isipelekwe maskulini kupima kila mtoto. Tuseme inapatia mara 95 kwa 100 kwa mgonjwa na kwa mzima, na katika watoto 1,000 wenye kifafa ni 10. Itawanasa takriban wote 10, lakini itawanyooshea kidole wazima karibu 50. Katika kila 6 iliowataja, 5 wamesingiziwa. Mahali pake ni kwa mtoto ambaye mama ameshaeleza, video imeshaonekana, EEG imetoka safi na daktari bado ana shaka. Hapo idadi ya wagonjwa ni kubwa, na hesabu inageuka.

Jambo la pili ni ndugu. Mwaka 2014 watafiti wa King's College London walionesha kwamba ndugu wa karibu wa wagonjwa wa aina fulani ya kifafa, ndugu wazima wasioanguka hata mara moja, nao wana mitandao inayofanana na ya wagonjwa. Kwa mwanasayansi ni ugunduzi mzuri. Kwetu, ambako kabla ya posa kujibiwa watu huulizia ukoo mpaka kwa bibi, habari hiyo ikitoka faili inaweza kumkalisha msichana mzima nyumbani kwa ugonjwa asionao.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa sasa hakihitaji mashine mpya. Mzazi aambiwe na aandikiwe kwamba EEG safi haikiondoi kifafa, na apewe tarehe ya kurudi hata kama mtoto hajaanguka tena. EEG zinazofanywa leo zihifadhiwe kwenye kompyuta zikiwa kamili, si ripoti ya mistari miwili peke yake, ili programu za Ulaya zikija zijaribiwe kwanza kwa watoto wa Wete na Makunduchi ambao hali zao tumeshazijua. Na fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili anachoweza kusomewa bibi aliyemlea mtoto, iseme wazi nani atayaona mawimbi ya mjukuu wake, na kwamba ndugu zake hawatapimwa wala kutajwa.