Prosesa mpya, mazabodi ile ile: B450 isizikwe mapema

Mwenye kompyuta ya gemu yenye prosesa (ubongo wa mashine) ya AMD Ryzen 5 2600 juu ya mazabodi (bodi kuu) ya B450 akilalamika kwamba picha zinakwamakwama, siku hizi hupewa jawabu moja: ng'oa yote, hamia AM5, soketi mpya ya AMD. Wanaosema hivyo wana hoja. AM4, soketi (tundu la prosesa) iliyomo kwenye B450, ilipokea Ryzen za mwanzo Machi 2017, imeshakula umri wake. AM5 ilikuja 2022, na AMD wenyewe wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo bodi ya AM5 kama B650 unayonunua leo itapokea prosesa ya kesho. Na 9800X3D, prosesa ya AM5, inaiacha nyuma kila prosesa inayoingia AM4, hilo halina ubishi.

Tabu ni kwamba AM5 haipokei DDR4, ramu inayotumiwa na bodi yako ya B450. Ukisema unabadilisha prosesa, umeshanunua prosesa, mazabodi na ramu kwa mpigo, na ramu ndiyo iliyopanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza chipu zao kwenye vituo vya akili mnemba. Halafu sisi ni watu wa visiwani. Kila kifaa kinachoongezeka kwenye orodha ni kifaa kinachoweza kuja kibovu, na mazabodi huja mbovu mara nyingi kuliko prosesa. Bodi ya Kariakoo ikikataa kuwaka Chake Chake, kuirudisha ni boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Dar, kisha kungoja. Nauli hiyo haimo kwenye hesabu za wanaotushauri kupitia video za Marekani.

Kisichozungumzwa vya kutosha ni kashe, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyomo ndani ya prosesa. 2600 ina MB 16 za kashe ya L3, tena zimegawika mafungu mawili ya MB 8, kila fungu na viini vyake vitatu. Ryzen 5 5600 ina MB 32 zinazofikiwa na viini vyote sita. 5700X3D, nayo ya AM4, ina MB 96: X3D ni alama ya kashe ya ziada. Gemu hurudia data ile ile tena na tena. Isipokuwamo kwenye kashe, prosesa huifuata kwenye ramu na kungoja. Kule kungoja ndiko unakokuona kama mkwamo unapoingia mtaa wenye watu wengi, hata kama wastani unasoma fremu 90 kwa sekunde. Ndiyo maana 5700X3D yenye kilele cha GHz 4.1 huipita 5800X yenye GHz 4.7 kwenye gemu nyingi. Na kwa kuwa haiendi sana kwenye ramu, vijiti vyako vya zamani vya ramu vya kasi ya 2666 havitaidhuru kama vinavyozidhuru nyingine.

X3D za AM4 zinaadimika. Ukizikosa, 5600 inakitosha kioo cha 1080p cha Hz 75. Ila soma herufi vizuri: 5500, na 5700 isiyokuwa na X, zina MB 16 tu, na muuzaji asiyejua atakwambia ni zile zile.

Kwanza hakikisha prosesa ndiyo mkosa. Kadi ya picha ikisoma asilimia 97 na kuendelea muda wote wa gemu, prosesa mpya haitakuongezea kitu. Kisha sasisha bayosi, programu inayoiwasha bodi, na hii hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado imekaa. Soma jina kamili la bodi pamoja na toleo lililochapwa pembeni, pakua faili lake lenyewe, liweke kwenye fleshi ya FAT32, ingia kwa kitufe cha Delete. Kwa X3D tafuta bayosi yenye AGESA (msimbo wa AMD ulio ndani yake) 1.2.0.7 au ya baadaye. Mashine iwe kwenye UPS (betri ya akiba): umeme ukikatika bayosi inapoandikwa, bodi inaweza isiwake tena. Kama Windows imefunga diski kwa BitLocker, nakili ufunguo wake pahala pengine, maana prosesa mpya huja na fTPM (hifadhi ya funguo za usalama) yake na ufunguo utaulizwa.

Kabla ya kufungua feni, cheza gemu robo saa ili pesti iliyo kati ya feni na prosesa ilainike. Zima, chomoa waya, legeza skrubu, zungusha feni kushoto na kulia taratibu ndipo uinue. Ukiivuta feni wakati pesti imekauka, prosesa hutoka nayo hali soketi imefungwa, na miguu 1,331 iko upande wa prosesa. Mmoja ukipinda, kesi imeanza.

Dosari zipo. B450 ni PCIe 3.0 (kizazi cha zamani cha njia za kadi ya picha), na kadi za njia nane kama RTX 4060 hupungukiwa kidogo humo, na zaidi pale GB 8 zake zinapojaa. Bodi za bei ndogo zisizo na bamba la kupozea sehemu ya umeme zipewe prosesa ya wati 65, hasa chumba kisicho na kiyoyozi wakati wa kaskazi.

Anayeanza sifuri, bila bodi wala ramu, huyo aende AM5 asisikilize haya. Achukue vijiti viwili vya DDR5, si vinne, kwani vinne hulazimika kwenda polepole. Na siku ya kwanza kioo kikikaa cheusi dakika kadhaa, asikimbilie kuzima: bodi inajipima na ramu.